Kwa nini UPDATE imerudisha sifuri wakati rekodi ipo?

Fungua terminali, ingia hifadhidata ya MySQL, andika amri hii ya kubadilisha rekodi, halafu irudie papo hapo bila kubadilisha hata herufi moja:

    UPDATE watumiaji SET jina = 'Asha' WHERE id = 7;

Mara ya kwanza, kama jina lilikuwa jingine, utaambiwa rekodi moja imeathiriwa. Mara ya pili jibu linakuja hivi:

    Query OK, 0 rows affected (0.00 sec)
    Rows matched: 1  Changed: 0  Warnings: 0

Rekodi namba 7 ipo, sharti la WHERE limeipata, hakuna kosa lolote lililotokea, na bado namba inayoifikia programu yako inaweza kuwa sifuri. Ipeleke amri hiyohiyo PostgreSQL, hifadhidata nyingine, uirudie mara kumi, na mara zote kumi utajibiwa UPDATE 1.

Wengi wetu tulifundishwa kwamba UPDATE hurudisha "idadi ya rekodi zilizosasishwa", tukaridhika. Tatizo ni kwamba maneno hayo yamebeba maswali matatu. Rekodi ngapi zimekidhi sharti? Ngapi zimeandikwa upya? Ngapi zimeishia kuwa na thamani tofauti na ile ya mwanzo? Mara nyingi majibu yote matatu ni namba moja, na ndiyo maana mtu anaweza kuandika programu miaka mingi bila kugundua tofauti. Siku yanapoachana, programu iliyokuwa ikitegemea namba hiyo inaanza kufanya mambo yasiyoeleweka.

Tofauti ya MySQL na PostgreSQL inatokana na jinsi kila moja inavyofanya kazi ndani. MySQL, kabla ya kuandika, huilinganisha rekodi ya zamani na ile mpya. Ikikuta zinafanana kila kitu, huiacha ilivyo na haiihesabu. PostgreSQL hailinganishi. Kwake kila UPDATE inayokuta rekodi hutengeneza nakala mpya ya rekodi hiyo na kuiacha ile ya zamani ije kuondolewa baadaye na VACUUM, kazi yake ya usafi, hata kama nakala mpya haina tofauti yoyote na ya zamani. Kwa hiyo inapokujibu 1 inasema kweli: imeandika rekodi moja. Na MySQL inapokujibu 0 nayo inasema kweli: haijabadilisha kitu.

Hifadhidata moja, programu mbili, namba mbili

Ingekuwa afadhali kama jambo lingeishia hapo, ukajua tu kwamba MySQL huhesabu zilizobadilika. Lakini MySQL ina kibendera kinachowekwa wakati wa kuunganisha, CLIENT_FOUND_ROWS. Kikiwashwa, seva hurudisha idadi ya rekodi zilizokidhi sharti badala ya zile zilizobadilika. Na wanaoamua kukiwasha au kutokiwasha ni waandishi wa draiva (sehemu inayounganisha programu na hifadhidata) na fremuweki (msingi tayari wa kujengea programu), wala hawakuamua kwa pamoja.

Draiva rasmi ya Java, Connector/J, hukiwasha bila kukuuliza. Ukitaka hesabu ya zilizobadilika, inakubidi uandike useAffectedRows=true kwenye anwani ya muunganisho. Kwenye Python, Django hukiwasha. SQLAlchemy hukiwasha. PDO ya PHP haikiwashi, mpaka utaje PDO::MYSQL_ATTR_FOUND_ROWS unapofungua muunganisho, na ukishaufungua umechelewa. Draiva inayotumika zaidi kwenye Go nayo haikiwashi mpaka uweke clientFoundRows=true.

Sasa chukua mfumo wenye sehemu mbili, moja ya PHP na nyingine ya Java, zote zikisoma jedwali moja kwenye seva moja. Zinatuma amri ileile kwenye rekodi ileile. PHP inapata 0, Java inapata 1. Anayetafuta kasoro atakagua data na kuikuta sawa, atakagua amri na kuikuta sawa, kisha ataanza kuishuku seva. Jibu liko kwenye mstari mmoja wa mipangilio ya muunganisho ambao pengine haupo kabisa, kwa sababu kila draiva imechukua kawaida yake. Kwa hiyo kabla ya kuandika `if` yoyote inayotegemea namba hii, fanya lile jaribio la mwanzo kupitia draiva utakayotumia: tuma amri ileile mara mbili, chapisha namba ya pili. Linachukua dakika moja tu, na linakupa hakika ambayo kusoma nyaraka peke yake hakuwezi kukupa.

Kasoro inayozaliwa hapa

Kuna mtindo mmoja ninaoukuta mara kwa mara kwenye msimbo wa watu, na niliwahi kuuandika mimi mwenyewe. Unataka kuhifadhi mipangilio ya mtumiaji. Hujui kama tayari ana rekodi. Unajaribu UPDATE kwanza. Ikirudisha sifuri unasema "kumbe hayupo", unafanya INSERT, yaani unaingiza rekodi mpya.

Majaribio yote yanapita, kwa sababu kwenye majaribio kila mtu hubadilisha kitu. Kisha mtumiaji wa kweli anafungua fomu, anaisoma, anaridhika, anabonyeza Hifadhi bila kugusa chochote. UPDATE inaipata rekodi, inaona hakuna tofauti, inarudisha 0. Programu inakimbilia INSERT, na hifadhidata inakataa kwa kosa namba 1062, Duplicate entry. Mtumiaji aliyefanya jambo la amani kuliko yote ndiye anayeona ukurasa wa kosa. Hapo bado ana bahati, maana ufunguo wa kipekee, ule unaokataza thamani kujirudia, umemlinda. Jedwali lisilo na ufunguo huo litapokea rekodi ya pili kimyakimya, na mtumiaji atakuwa na mipangilio miwili inayogombana.

Tiba inayokuja haraka akilini ni kuongeza safuwima ya muda: `SET ..., imesasishwa = NOW()`. Kwa kuwa muda hubadilika kila wakati, rekodi nayo itabadilika kila wakati, na namba itakuwa 1. Inaelekea kufanya kazi. Lakini aina ya DATETIME kwenye MySQL, usipoitajia vinginevyo, hutunza muda hadi sekunde tu, bila vipande vyake. Mtumiaji akibonyeza kitufe mara mbili haraka, maombi mawili yanaingia ndani ya sekunde moja, NOW() inatoa thamani ileile, na sifuri inarudi. Kosa lililokuwa likitokea kila siku sasa linatokea mara chache, kwa watu wenye haraka, na ukijaribu kulirudia polepole mezani kwako halionekani. Hilo ni baya kuliko la kwanza. Kutumia DATETIME(6) pamoja na NOW(6) kunapunguza uwezekano huo sana, ila mantiki yenyewe inabaki imesimama juu ya kitu ambacho hakikuwekwa kwa kazi hiyo.

Wengine huitegemea ON UPDATE CURRENT_TIMESTAMP. Hiyo haisaidii kabisa hapa: MySQL huigusa safuwima hiyo pale tu ambapo safuwima nyingine yoyote imebadilika. Hakuna kilichobadilika, muda nao haubadiliki.

Njia iliyo sawa ni kuiachia hifadhidata uamuzi wote kwa amri moja. Kwenye MySQL ni INSERT ... ON DUPLICATE KEY UPDATE. Hata hivyo iangalie namba inayorudi, kwa sababu ina desturi zake: 1 maana yake rekodi mpya imeingizwa, 2 maana yake iliyokuwepo imebadilishwa, na 0 maana yake iliyokuwepo imeachwa kama ilivyo. Ile 2 hushtua watu. Wanadhani rekodi mbili zimeguswa, wanaanza kuitafuta ya pili. Hakuna ya pili; ni alama tu iliyochaguliwa ili uweze kutofautisha kuingiza na kusasisha. Na kile kibendera cha CLIENT_FOUND_ROWS kikiwa kimewashwa, ile 0 inageuka 1, kwa hiyo huwezi tena kujua kama rekodi ni mpya au ni ya zamani isiyobadilika.

PostgreSQL ina ON CONFLICT DO UPDATE tangu toleo la 9.5, na yenyewe hujibu INSERT 0 1 iwe imeingiza au imesasisha. (Sifuri ya katikati haihusiani na kuhesabu rekodi. Ni nafasi ya namba ya utambulisho iliyokuwa ikitumika kwenye majedwali ya zamani, imebaki ili draiva zilizopo zisivunjike.) Ukihitaji kujua nini hasa kimetokea, ongeza RETURNING usome rekodi yenyewe.

Pale sifuri inapokuwa jibu bora kabisa

Mpaka hapa nimeionyesha namba hii kama mtego. Lakini kuna kazi moja ambayo inaifanya vizuri kuliko kitu kingine chochote, na kila mwandishi wa programu anafaa kuijua.

Kiti namba 14 kimebaki kimoja. Watu wawili wanakitaka kwa wakati mmoja. Msimbo wa kawaida husoma kwanza: je, kiti kiko wazi? Kikiwa wazi, unaandika. Kati ya kusoma na kuandika kuna mwanya, na ndani ya mwanya huo wote wawili wanaweza kuambiwa kiko wazi. Sasa andika hivi:

    UPDATE viti SET mteja = 301
    WHERE kiti = 14 AND mteja IS NULL;

NULL ni nafasi isiyo na thamani, hapa kiti kisicho na mteja. Ukipata 1, kiti ni chako. Ukipata 0, mwenzako amekuwahi. Hakuna kusoma kabla, hakuna mwanya.

Inafaa kuangalia kwa karibu kinachotokea ndani, kwa sababu ndipo imani ya mbinu hii inapojengwa. Muamala (kundi la amri linalokubaliwa au kufutwa kwa pamoja) wa kwanza unaipata rekodi na kuiwekea kufuli. Muamala wa pili nao unaifikia rekodi, unakuta kufuli, unasubiri. Wa kwanza anafanya COMMIT, yaani anathibitisha. Kwenye PostgreSQL, katika kiwango chake cha kawaida cha kutenganisha miamala, READ COMMITTED, muamala wa pili ukiamka hauendelei na picha ya zamani aliyokuwa nayo. Huichukua rekodi ilivyo sasa na kulipima upya sharti la WHERE. Mteja si NULL tena, sharti halitimii, rekodi inaachwa, jibu ni UPDATE 0. Kama wa kwanza angefanya ROLLBACK, yaani angefuta alichofanya, sharti lingetimia na wa pili angepata kiti. Ukipanda kiwango cha REPEATABLE READ, PostgreSQL haipimi upya. Inakurudishia kosa 40001 ikikutaka uanze muamala tena, kwa hiyo programu iliyozoea kupata sifuri lazima ijifunze pia kulipokea kosa hilo.

Wazo hilohilo ndilo lililobeba kufuli la matoleo, ambapo kila rekodi hubeba namba ya toleo:

    UPDATE makala SET kichwa = 'Mpya', toleo = 6
    WHERE id = 40 AND toleo = 5;

Ukiambiwa 0, kuna mtu alihariri baada ya wewe kusoma. Hibernate, fremuweki ya Java, hufanya hivi kwa niaba yako, na ndiyo asili ya StaleObjectStateException pamoja na ule ujumbe unaotisha wanaoanza, unaosema idadi iliyotarajiwa ni 1 na iliyopatikana ni 0. Hifadhidata haijaharibika. Rekodi imebadilishwa au imefutwa na mwingine wakati wewe ulikuwa bado umeishika nakala ya zamani.

Tazama sasa jambo moja katika mifano hii miwili. Ile tofauti ya MySQL na PostgreSQL, pamoja na fujo yote ya vibendera, imetoweka. Kiti kilichokuwa NULL kikipewa mteja lazima kibadilike. Toleo 5 likiwa 6 lazima libadilike. Sharti limeandikwa kwa namna ambayo rekodi haiwezi kukidhi bila kubadilika, kwa hiyo zilizokidhi na zilizobadilika ni namba moja popote uendapo. Mimi naona hapa ndipo dawa ya kudumu ilipo. Badala ya kukariri draiva ipi inahesabu nini, andika WHERE inayozikataa rekodi ambazo tayari ziko unavyotaka.

Kwa mfano wetu wa kwanza ingekuwa `WHERE id = 7 AND jina <> 'Asha'`. Hapo kuna shimo dogo: kama jina ni NULL, ulinganisho wa `<>` hautoi kweli wala uongo, unatoa NULL, na rekodi inaachwa ingawa ilihitaji kusasishwa. Kwenye PostgreSQL tumia `jina IS DISTINCT FROM 'Asha'`; kwenye MySQL tumia `NOT (jina <=> 'Asha')`. Shimo hilihili la NULL ndilo chanzo cha malalamiko mengine mengi ya "nilitarajia rekodi 500, nimepata 430".

Hata ukifanya hivyo, sifuri bado ina sura mbili: rekodi haipo kabisa, au ipo na tayari iko sawa. Namba moja haiwezi kukutenganishia hayo. Kama programu yako inahitaji kumwambia mtu "hayupo", soma rekodi kwa SELECT ... FOR UPDATE ndani ya muamala, kisha uamue.

Triga, na hesabu zisizoonekana

Kuna siku utaandika amri sahihi, kwenye draiva unayoijua, na namba bado itakataa. Mara nyingi kuna triga nyuma yake, yaani msimbo ambao hifadhidata huuendesha yenyewe rekodi inapoguswa.

Kwenye PostgreSQL, triga ya BEFORE ikirudisha NULL, rekodi hiyo haiandikwi na haihesabiwi. Kabla ya toleo la 10 kuleta ugawaji wa majedwali wa moja kwa moja, watu waligawa majedwali makubwa kwa triga: INSERT inaingia jedwali mama, triga inaipeleka rekodi jedwali mtoto, kisha inarudisha NULL. Data ilifika salama, lakini jibu lilikuwa INSERT 0 0, na fremuweki zilizokuwa zikihakiki namba zilipiga kelele kwamba hakuna kilichohifadhiwa.

SQL Server huelekea upande wa pili. Triga yako ikiandika rekodi kwenye jedwali la ukaguzi, ExecuteNonQuery ya .NET inajumlisha na hizo, na unaambiwa 2 uliposasisha 1. Ndiyo sababu wazoefu huanza kila triga kwa SET NOCOUNT ON, inayozima hesabu hiyo. Usiiweke tu mahali pasipo pake, maana ikiwashwa kwa amri yenyewe unayoihesabu, ExecuteNonQuery inarudisha -1. Na @@ROWCOUNT, inayotunza hesabu ya kauli iliyopita, inahitaji kukamatwa mara moja: kauli inayofuata huifuta. PRINT huirudisha 0. COMMIT TRANSACTION nayo huirudisha 0, kwa hiyo anayefunga muamala kwanza ndipo aulize idadi atapata sifuri daima.

SQLite ina msimamo ulio wazi zaidi: sqlite3_changes() huhesabu rekodi zilizoguswa na amri yako yenyewe tu, bila za triga wala za ufunguo wa kigeni. Ukitaka zote kwa jumla, tangu muunganisho ulipofunguliwa, ipo sqlite3_total_changes().

Ufutaji wa ON DELETE CASCADE, unaoondoa pia rekodi zinazoitegemea ile iliyofutwa, nao haumo kwenye hesabu. DELETE 1 kwenye PostgreSQL inaweza kuwa imeondoka na maelfu ya rekodi za majedwali mengine, na jibu litabaki 1 vilevile.

Namba hasi

Kwa ufupi, hizi si idadi. Mwongozo wa Python wa kuunganisha hifadhidata, PEP 249, unasema rowcount iwe -1 pale ambapo idadi haijulikani. Kwenye JDBC, njia ya Java ya kuzungumza na hifadhidata, ukituma amri nyingi kwa mkupuo kupitia executeBatch, -2 maana yake amri imefaulu ila idadi haikupatikana, na -3 maana yake imeshindwa. Msimbo unaojumlisha namba za mkupuo bila kuzichuja utapata jumla isiyo na maana, na ule unaouliza `idadi > 0` utayaita mafanikio ya -2 kuwa kushindwa. Kama mfumo wako una majedwali makubwa sana, kumbuka pia kwamba executeUpdate hurudisha int. Java 8 ilileta executeLargeUpdate kwa ajili hiyo, kama SQL Server ilivyo na ROWCOUNT_BIG().

Kabla ya COMMIT

Namba hii hutolewa amri inapomalizika, muamala ukiwa bado wazi. Inasema kilichotokea ndani ya muamala wako. ROLLBACK ikija, yote yanafutika na namba uliyoichapisha kwenye logi inabaki bila kitu nyuma yake. Kwa hiyo usiitangaze mahali popote, iwe kwa mtumiaji au kwa mfumo mwingine, kabla COMMIT haijakubali.

Lakini nafasi hiyohiyo kati ya amri na COMMIT ndiyo unayoihitaji unaporekebisha data kwa mkono. Mimi siandiki UPDATE kwenye data hai bila kuanza na BEGIN, na kabla ya kubonyeza Enter ninajiambia namba ninayoitarajia. Jana kazi ilikuwa kurekebisha barua pepe ya mtu mmoja. Tuseme mstari wa WHERE umesahaulika, au umewekewa alama ya maelezo:

    BEGIN;
    UPDATE watumiaji SET barua_pepe = 'mpya@example.com';
    UPDATE 48210

Ulitarajia 1. Hakuna kilichopotea bado, kwa sababu hujafunga muamala, na amri inayofuata ni neno moja tu:

    ROLLBACK;